Kikamilifu

Kila asubuhi, kabla ya kusoma, Msomaji alifanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule. Alizima feni, kwa sababu feni ilikuwa inakwaruza. Alifunga dirisha la upande wa barabarani, kwa sababu ya pikipiki. Alikunywa funda moja la maji, akapanda kijukwaa cha mbao alichochongewa yeye peke yake kwa kuwa alikuwa mfupi, kisha akawatazama watu wa kwenye mabenchi bila kuwatazama. Yaani alitazama juu kidogo ya vichwa vyao, pale ukutani palipobandikwa picha kubwa ya sikio lililopasuliwa katikati. Sikio halikuwahi kumtisha. Watu ndio waliomtisha.

Halafu akaanza kupiga kelele.

Maisha yana vituko vyake. Msichana ambaye nyumbani kwao aliitwa Kinong'ono, ambaye chuoni aliomba ruhusa ya kutoka nje kwa kumwonyesha mhadhiri mlango kwa kidole, alikuja kupata kazi ya kuwapazia sauti watu wazima. Kituo kilikuwa kinajaribu dawa ya mlio wa masikioni, na kila aliyeketi kwenye mabenchi yale alikuwa na kitu kinacholia ndani ya kichwa chake. Kwa mmoja ilikuwa kengele, kwa mwingine mbu asiyetua, kwa mwingine birika linalokaribia kuchemka. Ukisema nao kwa upole unamaliza mate yako bure. Kazi yake ilikuwa kuwasomea maelezo ya dawa kila siku kabla hawajapewa vidonge, ili asije mtu akasema hakuelezwa.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika pale pagumu.

"Utaratibu wa utendaji wa dawa hii katika mwili wa binadamu," alisoma, mishipa ya shingo ikiwa imemtoka, "haujabainishwa..."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja mnene, kavaa gauni la kuendea mikutano, mkoba kaukumbatia kama mtoto. Akapita kwa samahani nyingi, akabana watu wawili kwenye benchi la tatu, akaketi. Kisha akainua uso kumtazama Msomaji na kutabasamu mpaka kwenye magego.

Alikuwa mama yake mzazi.

Msomaji akasita. Akaiangalia karatasi, maneno yalikuwepo, lakini mdomo haukutaka. Ndipo mabenchi, yaliyokuwa yamemsikiliza majuma na majuma, yakamhurumia na kumalizia kwa pamoja kama watoto wa shule:

"Kikamilifu!"

Hapo inafaa kusimulia hilo neno lilitoka wapi.

Dawa yenyewe haikuwa na jina. Ilikuwa na herufi mbili na tarakimu kadhaa, kama gari. Ilianza maisha yake ikiwa dawa ya kibofu, huko ilikotengenezwa, na kama dawa ya kibofu haikufaa kitu. Lakini mlinzi mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliojaribiwa alirudi kusema kwamba haja ndogo bado inamwamsha vile vile, ila ile kengele ya sikioni haisikii tena. Wakubwa wakakodoa macho. Wakaiandikia matumizi mapya, wakaituma huku.

"Kutoka kibofu mpaka sikio ni safari," Mfamasia alipenda kusema huku akihesabu vidonge. Alikuwa mama wa makamo mwenye kauli za pembeni. "Mimi naona ilipotea njia, ikaona haya kuuliza."

Msomaji alipopewa maelezo kuyaweka katika Kiswahili, aliandika kwa uaminifu wote: Hatujui dawa hii inafanyaje kazi. Daktari aliyesimamia utafiti akaisoma, akavua miwani, akaanza kuifuta. Hivyo ndivyo alivyofanya kila alipoulizwa jambo asilolijua, na ndiyo maana miwani yake ilikuwa safi kuliko miwani yoyote mjini.

"Binti, kituo cha utafiti hakiandiki 'hatujui'," alisema. "Watu watatuonaje? Tafuta lugha yenye heshima zake."

Msomaji alikuwa mtu wa kumeza maneno. Akalimeza hilo, akaenda kutafuta heshima. Ikapatikana ile sentensi ndefu: utaratibu wa utendaji wake haujabainishwa kikamilifu. Daktari aliipenda sana, akairudia mara mbili kwa raha kama mtu anayeonja mchuzi.

Tatizo ni masikio. Mwanzo wa sentensi uliliwa na kengele na birika. Ile "hau", ambayo ndiyo iliyobeba mzigo wote, ilizama mapema kabisa. Kilichofika salama upande wa pili ni neno la mwisho, kwa kuwa lilikuwa refu, na kwa kuwa Msomaji alilitamka kwa nguvu za mtu anayekaribia kupumua. Haikuchukua muda watu wakawa wanaulizana barabarani, "Umeshaanza Kikamilifu?" "Mimi Kikamilifu imenipunguzia." "Kamwone yule binti wa Kikamilifu, anaisoma mpaka raha."

Msomaji alilisikia jina hilo siku ya kwanza, akataka kuwarekebisha, uso ukamwaka moto, akashuka kwenye kijukwaa. Siku ya pili akaona amechelewa. Siku ya tatu likawa jina.

Sasa jina hilo lilikuwa limemleta mama yake.

Alipomaliza kusoma alimkuta kwenye ujia, anasubiri kuitwa kupimwa.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Ehee! Ndizo salamu za siku hizi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tulishaamkiana nyumbani, lakini hata mara mbili napokea." Mama yake alikuwa akiongea kwa sauti ya kiwandani. Nusu ya maisha yake aliimaliza kwenye mashine za kufuma nguo, ambako mtu akitaka kumwomba mwenzake uzi ilimbidi apige yowe, na yowe lile hakuliacha alipostaafu. "Nimefuata Kikamilifu."

"Haiitwi hivyo."

"Inaitwaje?"

"Haina jina."

"Basi watu wameisitiri, wameipa. Mke wa fundi viatu kanieleza yote. Kaniambia, wewe unahangaika na sikio, na dawa iko kwa mwanao, mwanao mwenyewe ndiye anayeihubiri."

"Siihubiri, mama. Naisoma."

"Ina tofauti gani? Mwanangu, hiyo sauti! Mimi nilikuwa nimekaa pale najiuliza, huyu ndiye Kinong'ono wangu? Huyu huyu anayeniomba chumvi kwa macho?" Akamshika shavu mbele ya wauguzi wawili. "Marehemu baba yako angekuwepo leo, angelia."

Msomaji akajikaza. Alikuwa na sentensi kamili tayari kinywani, fupi, isiyo na heshima yoyote. Akafungua mdomo.

"Umekunywa chai?" alisema.

"Nimekunywa, mwanangu. Nenda kazini, usiharibu kazi kwa ajili yangu."

Wakampima mama presha, moyo, sukari na damu. Akaonekana yuko sawasawa, mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Wakamwambia kesho asubuhi aje asikilize maelezo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa alichelewa, kisha atie sahihi na kupewa kidonge cha kwanza. Mama alimpita mwanawe akiwa amevimba kwa furaha, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku nzima Msomaji alifanya kazi roho ikiwa mkononi. Kwenye maelezo yake palikuwa na kipande kingine alichokisoma kila siku bila kukitafakari: kumejitokeza tukio moja la kiafya lililohitaji uangalizi wa karibu. Nacho alikitafsiri yeye. Kwa lugha ya mtaani, bibi mmoja katika kituo kingine moyo wake ulikwenda mbio mpaka akalazwa. Alipona, ni kweli. Lakini kama ni dawa iliyomlaza au ni moyo wake tu, hapakuwa na aliyejua, na Daktari alipoulizwa alifuta miwani mpaka muulizaji akakata tamaa.

Nyumbani walikuwa wawili tu. Jioni, kabla taa hazijawashwa, walikaa kwenye meza ya jikoni, mama akishonea vifungo vya shati la jirani, binti akichambua mboga ambazo alikuwa ameshazichambua.

"Unajua mlio wangu ukoje?" mama aliuliza.

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza." Akakata uzi kwa meno. "Ni mashine. Kile kiwanda si walikifunga? Mashine zote wakaziuza vyuma chakavu, nikaona kwa macho yangu lori zinazibeba. Moja wakaisahau humu." Akajigonga kichwani kwa kidole chenye kitondoo cha kushonea. "Inafuma tu. Nikilala inafuma, nikiamka inafuma. Hata nguo yenyewe siioni."

Alicheka. Msomaji hakucheka. Alikuwa ameishi na mashine ile chumba cha pili miaka yote na hakuisikia.

"Mama, hiyo dawa..."

"Eh?"

"Hiyo dawa."

"Sema, mwanangu, nakusikia. Leo mashine ina nafuu."

"Ni... kidonge chake ni kikubwa kidogo."

"Nitatafuta maji ya kutosha!" Mama alimtazama kwa upendo uliomchoma. "Mwenzio wala sina wasiwasi. Watu wengine wanameza dawa za watu wasiowajua. Mimi ingekuwa na ubaya wowote, ungeniambia. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!"

Msomaji akainamia mboga.

Asubuhi alimwahi Daktari ofisini kabla hajavua koti. Alisimama mlangoni kwa muda, mpaka Daktari mwenyewe akamwonea huruma.

"Ingia basi, binti. Kuna nini?"

"Ni ile sentensi."

"Ipi?"

"Ya haujabainishwa."

"Aa! Nzuri sana ile."

"Hawaielewi, Daktari. Wanashika neno la mwisho tu. Wanadhani tunawaambia dawa ni kamili."

"Neno la mwisho nalo si baya."

"Naomba tuseme tu hatujui."

Daktari akavua miwani. "Nimesoma umri wangu wote, nikasimame mbele ya mwashi wa matofali nimwambie sijui?"

"Hutasimama wewe. Nitasimama mimi."

Wote wawili walishtuka. Msomaji ndiye aliyeshtuka zaidi. Aliangalia nyuma kidogo kuona kama kuna mtu mwingine aliyesema.

"Kwani nimewaficha?" Daktari alisema, sasa anafuta kwa kasi. "Nimewaambia hatujui, ila nimewaambia kwa adabu."

"Kwa adabu mpaka wamesikia kinyume chake," Mfamasia alisema, akipita na trei yake kwenye ujia bila kusimama.

"Ukiwaambia hivyo watakimbia wote. Tutabaki na mabenchi." Daktari akavaa miwani, ishara kwamba maongezi yamekwisha. "Soma kilichoandikwa, binti. Uko vizuri sana."

Msomaji akaenda. Akazima feni, akafunga dirisha, akanywa funda la maji. Akapanda kijukwaa. Mama yake alikuwa benchi la kwanza kabisa, kawahi ili asikie vizuri, na kando yake alikaa mzee Mwashi, ambaye ndani ya kichwa chake kulikuwa na ndege isiyotua. Wawili hao walikuwa wameshakuwa marafiki, kila mmoja akimsimulia mwenzake makelele yake.

Msomaji akasoma. Akasoma kuhusu hiari, kuhusu siri za mgonjwa, kuhusu haki ya kujitoa wakati wowote. Akafika pale. Mzee Mwashi akavuta pumzi, tayari kuitikia.

"Utaratibu wa utendaji," Msomaji alianza, akanyamaza. Akashusha karatasi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alishusha na macho, kutoka kwenye sikio la ukutani mpaka kwenye nyuso. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. "Dawa hii inavyofanya kazi, hatujui."

"Kika..." mzee Mwashi alianza, akabaki mdomo wazi. "Ati?"

"Hatujui."

"Binti, paza sauti, ndege inapita!"

"HATUJUI!"

Neno likatoka nje ya chumba, likapita kwenye ujia wote, likagonga mlango wa Daktari. Mlango ukafunguka.

Watu wakatazamana. Mwalimu mstaafu wa benchi la pili, mama mwembamba aliyekuwa na lile birika la sikioni, akanyoosha mkono kama ilivyompasa.

"Hamjui mnatupa nini?"

"Tunachowapa tunakijua, mwalimu. Kikishaingia kinafanya nini ndiyo hatujui. Kuna watu mlio umewapungua. Kuna watu haukuwapungua. Wapo waliopata kizunguzungu. Kuna bibi mmoja moyo ulimwenda mbio akalazwa, akapona. Kama ilikuwa dawa au haikuwa dawa, hilo nalo hatujui."

"Na siku zote ulikuwa unatusomea hivyo?"

"Siku zote. Hivyo hivyo."

"Na sisi tunaitikia!" mwalimu alisema kwa mshangao.

Mzee Mwashi ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamtikisa, kikashuka benchi zima. "Kikamilifu!" alisema akijifuta machozi. "Jamani, Kikamilifu! Mimi nimemleta hata shemeji yangu!"

Mtu mmoja tu aliinuka, karani mstaafu mwenye kofia. Alibeba mfuko wake kwa hasira, akafika mlangoni, akasimama. Akainamisha kichwa kidogo upande, akausikiliza mlio wake kwa muda. Kisha akarudi polepole akaketi palepale.

"Daktari wa macho aliniambia anajua," mwalimu alisema, "na jicho likaenda hivi hivi naliona. Angalau huyu binti kasema."

"Mke wangu mwenyewe sijui anavyofanya kazi," alisema mzee Mwashi, "na tumezeeka pamoja."

"Mkeo naye anasema hajui wewe unafanya kazi gani!" mtu akamjibu kutoka nyuma, na chumba kikalipuka.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, kijasho chembamba kinamtoka. Alipoona mabenchi bado yamejaa, alikohoa, akavuta koti lake vizuri, akaingia. "Kama ambavyo nimekuwa nikisisitiza daima," alisema, "uwazi ndio msingi wa kituo hiki." Mfamasia akatazama dari.

Ndipo mama yake Msomaji akasimama.

"Haya, mimi ndiye mgeni, nianze mimi." Akatia sahihi yake kubwa ya mduara, akatoa kiganja. Mfamasia akakiweka kidonge pale katikati, cha rangi ya majivu, kikubwa kidogo kweli. Mama akapokea bilauri ya maji kwa mkono mwingine. Uso ulimng'aa. "Sasa nimeelewa kila kitu. Sikuwaambieni? Nilisema mimi, ukweli mwanangu ataniambia."

Msomaji alitarajia kujisikia mwepesi. Alikuwa ameshalisema lile neno lililomkaa kifuani majuma yote, tena mara kadhaa, tena kwa kelele. Watu wamelipokea. Hakuna aliyekimbia. Lakini alipoona kiganja cha mama kikipanda kuelekea mdomoni, alishuka kwenye kijukwaa bila kuangalia anakanyaga wapi, akamshika kifundo cha mkono.

"Usimeze."

Mama alimtazama. "Mbona hivyo tena, Kinong'ono?"

"Usimeze, mama."

"Si umesema wapo waliopata nafuu?"

"Nimesema."

"Na hawa wenzangu wote si wanameza?"

"Wanameza."

"Umewasomea mwenyewe, kila siku ya Mungu."

"Nimewasomea."

"Sasa?" Mama hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na mkono haukujivuta. "Mimi nina tofauti gani?"

Msomaji akasogeza mdomo. Midomo ilicheza, hakuna kilichotoka. Kila mtu chumbani alikuwa kainama mbele, kiganja nyuma ya sikio.

"Hatusikii huku!" mzee Mwashi alisema, ingawa alikuwa karibu kuliko wote. "Semea juu, binti, tuko wengi!"

Akawatazama. Mwalimu mwembamba, karani na kofia yake, mzee na ndege yake, wote wanamsubiri kwa subira ile ile waliyomsubiri nayo kila asubuhi. Kisha akamgeukia mama yake, na kwa kuwa mama hakuwa akisikia vizuri, alisema kwa sauti yake yote.

"Hao niliwasomea tu, mama. Wewe sitaki kukupoteza."